MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI
Dawa zetu na vijidudu sugu

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mwenzetu, fundi sanifu maabara mstaafu, katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu, Mbagala, Wilaya ya Temeke. Imechapwa kama ilivyosomwa.)



Akina mama oyee! Akiba oyee!

Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Pili, naishukuru kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Nilipoambiwa nizungumze juu ya afya, nilijiuliza niseme nini ambacho hamjakisikia. Kuchemsha maji mnajua. Chandarua mnajua. Nikaamua nizungumze juu ya jambo nililolifanyia kazi miaka yangu yote ya utumishi, jambo lisiloonekana kwa macho, lakini linaingia moja kwa moja katika lile sanduku letu lenye kufuli tatu. Nazungumzia dawa za kuua bakteria, zile tunazoziita antibiotiki, na vijidudu ambavyo dawa hizo zimekuwa haziviwezi tena.

Mnakumbuka tulivyoanza. Tulikaa kwenye mkeka, na mweka hazina wetu wa kwanza, mama mwaminifu kabisa, akawa anaweka hesabu kichwani. Ilipofika mwezi wa tatu tukaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Huyu anasema nilileta hisa tatu, yule anasema hapana, ulileta mbili. Hakuna aliyeiba. Ila hakuna aliyeandika. Siku tuliyonunua daftari la kwanza, ndiyo siku kikundi hiki kilipozaliwa kweli. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa leo nataka niwaambie kwamba tunayo mali nyingine ya pamoja, ambayo hatujazoea kuiita mali. Mali hiyo ni nguvu ya dawa. Amoksilini ikiwa bado inaponya, hiyo ni mali yangu na yako, na ya mtoto wa jirani ambaye hajazaliwa. Inapungua kidogo kidogo, bandu bandu huisha gogo. Na daftari lake ni jembamba mno.

Penisilini iligunduliwa mwaka 1928 na daktari Alexander Fleming, katika hospitali ya St Mary's kule London. Kabla ya hapo kidonda kidogo tu kiliweza kumwondoa mtu. Mwaka 1945 Fleming alipewa Tuzo ya Nobel, yeye na wenzake wawili, na siku ya kutoa hotuba yake hakujisifu tu. Alionya kwamba si kazi ngumu kuvifanya vijidudu viizoee penisilini, ni kuvipa dawa kidogo isiyotosha kuviua. Dawa ilikuwa bado mpya kabisa na mwenyewe alishaliona hilo.

Hapa pana kosa moja nataka tulisahihishe leo. Wengi wetu husema, "Mwili wangu umeizoea hii dawa, nipe kali zaidi." Jamani, si mwili unaozoea. Ni kijidudu. Mwili wako ni nyumba tu. Fikiria shamba: ukipita na jembe juu juu, majani laini yanakufa, lakini yale yenye mizizi mirefu yanabaki, yanapata nafasi na maji yote, na msimu ujao shamba zima ni lao. Kila mara dawa inapotumika, vijidudu dhaifu vinakufa na vilivyo sugu vinabaki vikizaana. Kwa hiyo dawa isitumike pasipo sababu, na ikitumika, itumike kwa kipimo na siku zilizoandikwa. Na kwa kuwa ni kijidudu kilichokuwa sugu wala si mwili wako, kinaweza kutoka kwako kwenda kwa mwanao, kwa mikono, kwa maji, kwa choo cha pamoja. Mtu anaweza kupata kijidudu sugu ambaye maisha yake hajawahi kumeza kapsuli hata moja.

Wataalamu wa nchi yetu hulifupisha jambo hili UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Makadirio makubwa ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 peke yake watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu vijidudu vilivyowapata vilikuwa sugu, na mzigo ulikuwa mzito kuliko kote katika Afrika yetu ya kusini mwa Sahara.

Tunajuaje kwamba kijidudu fulani ni sugu? Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Mgonjwa akileta mkojo, damu, usaha au choo, tunaotesha. Tunapaka kidogo kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu kinachofanana na jeli, tunafunika, tunaweka katika kabati lenye joto kama la mwili wa binadamu. Kesho yake, kama vijidudu vipo, unaviona vimeota matone matone. Tunavitambua ni vya aina gani, kisha tunavipaka upya kwenye kisahani kingine, na juu yake tunaweka vikaratasi vidogo vya mviringo, kila kimoja kina dawa yake. Tunalaza tena. Asubuhi, pale dawa ilipofanya kazi, unaona duara safi kuzunguka kikaratasi, kama uwanja uliofagiwa. Pale dawa iliposhindwa, vijidudu vimeota mpaka ukingoni mwa kikaratasi, havina hata habari. Tunapima lile duara kwa milimita na kuandika: inafaa, au haifai. Kazi yote huchukua siku mbili hadi tatu, na damu huweza kuzidi hapo.

Jibu hilo lina kazi mbili. Ya kwanza ni kumtibu huyo mgonjwa. Ya pili ni kuandikwa katika daftari, ili daktari wa kesho, akipata mgonjwa wa aina ile ile ambaye hawezi kungoja siku tatu, ajue aanze na dawa ipi. Ukikubali kupimwa leo, umemsaidia mtoto wa mwenzio wa mwakani.

Sasa nije kwenye kiini cha maneno yangu. Daftari hili halitoshi kuwa na ukurasa mmoja. Ni lazima liwe na kurasa za makundi mbalimbali ya wagonjwa, maana hali zao hazifanani hata kidogo. Nitawapa mifano ya hapa hapa kwetu.

Kuanzia Agosti 2001 hadi Agosti 2002, watafiti katika Hospitali ya Taifa Muhimbili walifuatilia watoto 1,828 wa umri wa kuanzia kuzaliwa hadi miaka 7, waliolazwa na dalili za maambukizi mwilini. Walipima malaria, na waliotesha damu. Wakati ule, na hata sasa, mtoto akiwa na homa sisi husema malaria. Lakini watoto waliokuwa na malaria walikufa kwa kiwango cha asilimia 20.2, na wale waliokuwa na bakteria wa kundi liitwalo gramu hasi katika damu walikufa kwa kiwango cha asilimia 43.5. Zaidi ya mara mbili! Na moja ya sababu zilizoonekana wazi kuchangia vifo ni kwamba dawa waliyopewa haikufaa, kwa kuwa kijidudu kilikuwa sugu. Katika utafiti huo wa Muhimbili lilionekana pia kundi la vijidudu vyenye silaha ya pekee: hutengeneza kitu kama mkasi, kinachoikata dawa kabla haijafanya kazi, hata zile sindano kali za jamii ya seftriaksoni. Watoto waliopata vijidudu vyenye mkasi huo walikufa kwa asilimia 71, na waliopata visivyo na mkasi, asilimia 39. Taarifa ya vijidudu hivyo vyenye mkasi ilichapishwa mwaka 2005.

Huo ni ukurasa wa watoto waliolazwa hospitali kubwa. Je, watoto wa huku kwetu wanaocheza uwanjani? Kati ya Agosti 2010 na Julai 2011 watafiti walichukua vipimo vya choo kwa watoto 603 wa chini ya miaka 2 katika Dar es Salaam. Baadhi walikuwa wamelazwa Muhimbili, Amana na Temeke yetu, na wengine walikuwa wazima wa mitaani. Walitafuta vile vile vijidudu vyenye mkasi. Kwa jumla walivikuta kwa asilimia 34.3 ya watoto. Lakini hebu sikilizeni jumla hiyo ilivyogawanyika: kwa waliolazwa ilikuwa asilimia 50.4, na kwa wale wazima ilikuwa asilimia 11.6. Na watoto wenye VVU walivibeba kwa wingi zaidi sana kuliko wasio na VVU.

Mwelewe vizuri, kubeba si kuugua. Vijidudu hivyo vilikuwa tumboni tu, vimetulia. Lakini vikipata njia ya kuingia kwenye mkojo au damu, ndipo dawa za kawaida zinapogonga mwamba. Na kwa mama mwenye mtoto wa kliniki ya VVU, nasema waziwazi: septrini ya kinga uliyoandikiwa na daktari usiiache kwa sababu ya maneno yangu. Inaokoa maisha. Ninachotaka ujue ni kwamba mwanao akipata homa, una haki ya kuuliza, "Daktari, hatuwezi kuotesha?"

Ukurasa mwingine ni wetu sisi wanawake. UTI. Nani hapa hajaambiwa ana UTI? (Kicheko.) Naona mikono haiinuki. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ambapo kwa upande wetu ulikuwa Mwanza, Kilimanjaro na Mbeya, ulichukua wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili za UTI, wengi wao wanawake. Ulipooteshwa mkojo wao, waliokutwa kweli na vijidudu walikuwa kama theluthi moja tu. Theluthi mbili dalili wanazo, lakini vijidudu havikuota. Na katika wale waliokutwa navyo, kwa Tanzania na Uganda zaidi ya nusu ya vijidudu vilikuwa sugu kwa dawa za makundi matatu au zaidi. Kenya hali ilikuwa afadhali. Kwa hiyo tunameza dawa wakati mwingine hakuna cha kuua, na pale penye cha kuua, dawa tuliyonunua haikiui.

Sasa angalieni. Kama mtu angechukua wagonjwa wa Muhimbili peke yao na kusema, "Hii ndiyo hali ya Dar es Salaam nzima," angekuwa amekosea. Angewatisha watu wa Mbagala, na angewafanya madaktari wa zahanati waanze na dawa kali mno. Na kama angechukua watoto wazima peke yao, angesema hakuna taabu, na mtoto mchanga wa wodini angepewa dawa isiyofaa akafa. Ni sawa na sisi. Marejesho ya mama wa genge hayafanani na ya mama wa kuku, wala ya mwenye cherehani. Tukichanganya wote tukatoa wastani, hatutajua nani anaelemewa mpaka siku ya kuvunja.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mfumo wake wa kufuatilia usugu mwaka 2015, liliweka taratibu ambazo Katibu wetu angezipenda. Kila mgonjwa ahesabiwe mara moja, hata akipimwa mara tano. Iandikwe umri wake, ni mwanamke au mwanamume, na kipimo kimetoka wapi, kama ni damu, mkojo au choo. Na iandikwe kama ugonjwa alikuja nao kutoka mtaani, au ulimpata baada ya kuwa wodini zaidi ya siku mbili. Hilo la mwisho ni kubwa. Linatofautisha kijidudu cha hospitali na kijidudu cha Charambe au Tandale. Nchi yetu nayo ilikuwa na Mpango Kazi wa Taifa wa miaka 2017 hadi 2022, kisha ukaja wa pili wa 2023 hadi 2028, na kuimarisha maabara na ufuatiliaji ni sehemu ya mipango hiyo.

Lakini daftari lolote lina watu wasioandikwa. Katika daftari hili, wasioandikwa ni sisi. Mtu anayekwenda duka la dawa akasema "nipe za rangi mbili za elfu moja", hayumo. Anayetumia kapsuli alizobakiza shemeji yake, hayumo. Halafu siku akizidiwa akaenda hospitali, dawa zile alizokwisha kumeza zinaweza kuzuia vijidudu kuota kwenye kisahani, na jibu linakuja "hakuna kilichoota" huku mtu anaungua homa. Na kwa kuwa watu wa kwetu huotesha pale tu dawa mbili tatu zimeshashindwa, daftari linajaa kesi ngumu tupu, na zile nyepesi zilizopona kwa amoksilini haziandikwi. Kwa hiyo hata picha ya mtaa wetu inakuja imepinda.

Sasa naomba nivute pumzi, maana nakuja kwenye jambo gumu.

Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu nisimulie bila kumtaja, alikuwa na binti wa miaka minne. Homa inakwenda, inarudi. Alishanunua dawa ya maji dukani mara mbili, siku tatu tatu. Alipokwenda kituo cha afya akaambiwa mkojo uoteshwe, na kipimo ni cha kulipia. Jumamosi alikuja kikaoni hapa kuomba mfuko wa jamii umsaidie. Tukafungua katiba. Mfuko unatoa kwa msiba, kwa kujifungua na kwa kulazwa. Kipimo hakimo. Wapo waliotaka apewe. Akasimama mtu mmoja akasema, "Tukifungua mlango huu, kesho kila mtu ataleta karatasi ya kipimo."

Mtu huyo hakuwa mwingine. Ni mimi. Mimi niliyekula mshahara wa maabara miaka thelathini. Niliitetea katiba, na mwenzangu akaondoka na kanga yake mdomoni, akapita dukani kununua chupa ya tatu.

Wiki mbili baadaye mtoto alilazwa, ugonjwa umeshapanda kwenye figo. Hapo ndipo mkojo ulipooteshwa, na ikaonekana dawa zote alizonunua mama yake hazikuwa zikifanya lolote juu ya kijidudu kile. Alipewa nyingine, ya sindano, akapata nafuu. Alilala siku kumi na sita. Mfuko ukatoa fedha za kulazwa, kwa mujibu wa katiba, na fedha hizo zilikuwa nyingi kuliko za kile kipimo tulichokataa. Na mwenzetu aliuza friji lake la barafu na juisi, lile alilolinunua kwa mkopo wetu. Mtoto amepona, anasoma, Mungu ashukuriwe. Lakini mtaji wa mama ulikwisha, na marejesho yakasimama, na sisi tukamtoza faini.

Ndugu zangu, rambirambi tunatoa siku hiyo hiyo, bila mjadala, tena kwa machozi. Tuna haraka ya kuzika na uzito wa kupima. Mimi nimelibeba hilo muda mrefu, na leo mbele ya wageni namwomba mwenzangu radhi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ninayo mapendekezo matano.

La kwanza, katiba yetu irekebishwe, mfuko wa jamii usaidie kipimo cha kuotesha pale mwanachama au mwanawe anapoandikiwa na daktari. Aonyeshe karatasi ya daktari kama tunavyoonyesha ya kulazwa. Tuweke kiwango, tuweke mara ngapi kwa mwaka, sawa. Lakini kiwemo.

La pili, kila mmoja atumie ukurasa wa nyuma wa kitabu chake cha hisa kuandika dawa: tarehe, jina la dawa, nani aliyeitumia, siku ngapi, alipona au hakupona. Ukienda hospitali nenda nacho. Hamjui jinsi daktari anavyofurahi kusoma hivyo badala ya kusikia "nilimeza vidonge vyeupe".

La tatu, kugawiana dawa kukome. Najua ni upendo. Mimi mwenyewe nilikuwa na kopo kabatini, jirani akija na jino namkatia sita. Upendo huo tuupeleke kwenye unga na mkaa. Na hapa kuna mwenzetu mwenye duka la dawa; asionewe. Ameniambia ukweli: "Nikimnyima mteja anakwenda duka la pili." Basi tuanze na wateja, yaani sisi. Tukienda kwake tuulize, "Hii inahitaji cheti?" Akisema ndiyo, tusimlazimishe.

La nne, ni kwa mama wa kuku. Tunafuga broila, na najua zipo dawa tunazotia kwenye maji ya kuku wote hata kama hawaumwi. Vijidudu vya kuku navyo huzoea dawa, na huweza kutufikia kwa mikono na kwa nyama isiyoiva. Tumwone mtaalamu wa mifugo kwanza. Na kuku akiwa katika dawa asiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite. Chanjo na banda kavu ni rahisi kuliko dawa.

La tano, ni lile la siku zote, kinga ni bora kuliko tiba. Kunawa mikono kwa sabuni, maji safi, vyoo, kunyonyesha, na chanjo za watoto zote kwa wakati. Mtoto asiyeugua hahitaji dawa, na dawa isiyotumika inabaki na nguvu yake.

Lakini nisieleweke vibaya. Mtoto mchanga mwenye homa, au aliyegoma kunyonya, au anayepumua kwa shida, usingoje kipimo wala kikao. Kimbia hospitali, usiku huo huo. Daktari ataanza dawa mara moja, na ikiwezekana damu ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza, majibu yafuate. Pale haraka inatakiwa. Ni ile homa ya kwenda na kurudi, na UTI isiyokwisha, na kidonda kisichofunga, ndivyo ninavyosema vipimwe kabla ya chupa ya tatu.

Namalizia. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizigawa dawa hizi katika makundi matatu. La kwanza ni za kutumika kwa kawaida, kama amoksilini. La pili ni za kutumika kwa uangalifu, kama seftriaksoni na siprofloksasini. La tatu, msishangae, ni dawa za akiba. Akiba! Ni dawa chache za mwisho, zinazofungiwa mpaka nyingine zote zimeshindwa. Mwaka 2024 mataifa yalipokutana Umoja wa Mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 70 ya matumizi ya dawa hizi kwa binadamu ziwe zile za kundi la kwanza. Maana yake, dunia nzima imeamua kufanya kile tunachokifanya hapa kila Jumamosi: tumia kwa mpango, andika, na akiba usiiguse ovyo.

Sisi hatuna maabara. Hatuna kabati la joto wala vikaratasi. Lakini daftari tunalo, na kufuli tatu tunazo, na miaka kumi tumeonyesha kwamba wanawake wa Mbagala wanajua kuhesabu. Haba na haba hujaza kibaba. Kila mwenzetu atakayekubali kupimwa ameongeza mstari mmoja katika ukurasa ambao hadi leo ni mweupe, ukurasa wa watu wa huku pembezoni.

Ndugu Mwenyekiti, pendekezo la kwanza naomba lisiishie kwenye makofi. Liingizwe katika ajenda ya kikao kijacho, lipigiwe kura. Na safari hii mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Akina mama oyee! Akiba oyee! Daftari oyee!

 Pilau limeiva.